Jina Lililobaki Kwenye Kadi

Mwaka ule Konsolata Manirambona alikuwa na tarehe moja tu kichwani, tarehe tisa Machi. Siku hiyo ikimkuta bado yuko kwao Ulyankulu, Tabora, Amerika imekwisha. Kadi yake ya ukaazi wa kudumu, ambayo aliilinda miaka yote aliyosimama kwenye kiwanda cha nyama huko Dakota Kusini, ingegeuka kipande cha plastiki cha kuchezea watoto. Sheria ya wenyewe haikuwa na mzunguko: ukikaa nje mwaka mzima bila kibali, umeacha kwa hiari yako, usije ukagonga mlango.

Na mwaka ulikuwa unayoyoma, jamani. Alikuja Machi iliyotangulia, mbiombio, baada ya kupigiwa simu kwamba baba yake, mzee Anakleti, ameanguka kwenye shamba la tumbaku na upande wote wa kulia umekufa ganzi. Kazini aliomba ruhusa ya wiki sita. Wiki sita zikawa miezi sita, na kazi ikapewa mtu mwingine. Mzee hakufa, wala hakupona. Alilishwa, aliogeshwa, aligeuzwa kila baada ya muda asipate vidonda, na mwenye kuyafanya hayo yote alikuwa Konsolata, maana mama alishatangulia na ndugu zake wawili walizikwa wangali wadogo.

Alikuwapo Ishimwe, ndiyo. Huyo alikuwa binti wa marehemu mdogo wake mzee, yatima aliyefika nyumbani hapo akitokea kambi za Kigoma, akalelewa kama mtoto wa tumbo moja. Sasa alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja huko Bukene, ameolewa na mfanyakazi wa reli. Majirani walisema kwamba kabla Konsolata hajaja, Ishimwe alikuwa akija kila mwisho wa juma kumwangalia mzee. Tangu Konsolata afike, hakukanyaga. Alituma dawa kwa basi, akatuma mashuka, akatuma salamu, yeye mwenyewe haonekani.

"Muuguzi mzima!" Konsolata alinung'unika huku akifua. "Anawashika watu baki, baba aliyemlea kanitupia mimi."

Alimchukia kwa hilo, tusifichane.

Mwishoni mwa Februari simu ikalia. Alikuwa Magreth, shoga yake wa tangu kambini, ambaye walipanda naye ndege moja mwaka 2007 kwenda Amerika. Konsolata alikuwa kule kambini kwa sababu ya ndoa tu. Yeye mzaliwa wa Ulyankulu, kijiji cha Barabara ya Tisa, mtoto wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Akaolewa na Fideli, ambaye kwao walikuwa kambini Kigoma, akamfuata mumewe, na jina la Fideli lilipotoka kwenye orodha ya kwenda Amerika, akaenda naye. Fideli alikufia huko huko kwa moyo. Alizikwa kwenye ardhi iliyogandishwa na theluji hadi wachimbaji wakaleta mashine. Watoto hawakujaliwa.

"Wewe Konso, tiketi ni tarehe moja. Umeshafunga mzigo?" Magreth aliuliza.

"Bado."

"Bado nini? Nilikwambia tangu zamani, kula kiapo uwe raia wao, ukapata kichwa kigumu. Ungekuwa raia, sasa tungekuwa tunapiga soga tu, ungekaa na babako hata miaka kumi, nani angekuuliza? Wenzako tumeapa wote. Umebaki wewe na kadi yako."

Hayo yalikuwa kweli. Lakini Konsolata alikuwa na sababu, na sababu yake aliiona nzito kuliko maneno ya Magreth. Mwaka 2015, watu wa makazi ya Ulyankulu walipogawiwa vyeti vya uraia wa Tanzania, alimpigia baba yake simu akiwa kwenye mapumziko ya kazi, glavu zina damu ya ng'ombe, akamuuliza, "Baba, na changu je?" Mzee akajibu akichanganya na Kirundi, "Chako kimetoka, mwana wanje, mwanangu. Kipo sandukuni." Konsolata alilia mbele ya wenzake wasiojua Kiswahili. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kiapo. Tanzania haitaki mtu wa nchi mbili. Angeapa kule, angejifuta huku. Aweje, mtoto wa wakimbizi, ambaye baba yake alilala miaka arobaini hana nchi, apate nchi halafu aitupe? Akabaki na kadi. Kadi haimfuti mtu kwao.

Sanduku lenyewe lilikuwa chini ya kitanda cha mzee, la bati, la bluu, lina kufuli. Mara ya kwanza alipofika aliomba akione cheti chake. Mzee akageuza uso ukutani.

"Nikifa utafungua."

Basi, yakaishia hapo. Kwao sanduku la baba halifunguliwi na mtoto wakati mwenyewe anapumua. Kufanya hivyo ni kumchimbia kaburi machoni. Konsolata alikaa Amerika miaka kumi na saba, lakini hilo hakulisahau.

Jioni ile ya simu ya Magreth, mzee aliyasikia yote. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamelowa, ila ukimzoea unamwelewa vizuri. Akaanza kwanza na mzaha, kama kawaida yake akitaka jambo. Akasimulia tena habari ya bibi yake Konsolata: bibi alikufa mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya kufika Ulyankulu, wakati watu bado wanagawiwa unga kwa kadi. Familia haikumripoti. Binamu mmoja aliyetoka porini hana kadi akavikwa kitambaa cha bibi, akapanga foleni, akala mgao wa bibi mpaka mgao ukaisha.

"Bibi yako alikula miaka mitatu baada ya kuzikwa!" mzee akacheka kwa nusu mdomo. "Kila kaya ilikuwa na lake. Jina likibaki kwenye kadi, unalifuta ili iweje? Na mtu ana njaa?"

Konsolata naye akacheka, kisa chenyewe alikijua tangu utotoni. Kisha mzee akamshika kidole kwa mkono wake mzima.

"Usiende. Nitakufa mikononi mwa watu wa kukodi. Utaambiwa kwenye simu."

"Baba, nikikaa sirudi tena. Mlango unafungwa."

"Hapa ni kwenu. Cheti si kipo?"

Konsolata alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, ambayo msimu ule haikuwashwa moto hata siku moja. Alifikiri kaburi la Fideli, nani atakwenda Krismasi kulifagilia theluji. Alifikiri pia kile chumba chake kimoja chenye joto la mashine, na kwamba angerudi humo kusubiri simu ya msiba wa baba. Akaona hawezi. Tarehe moja Machi ndege iliondoka bila yeye. Tarehe tisa ikaja ikapita, mvua inanyesha, yeye anamlisha mzee uji. Aliitoa kadi kwenye pochi, akaitazama ile picha yake ya zamani, akairudisha. Aliumia, lakini alijiambia kwamba hajapotea. Amerudi kwao tu.

Mwezi wa nne mtendaji wa kijiji akapita na tangazo: wasio na kitambulisho cha taifa wafike shuleni Jumatatu, wale wa vyeti vya uraia waje na vyeti vyao. Konsolata akafurahi kama mtoto. Akamwendea baba.

"Baba, ufunguo."

Mzee akafumba macho. "Umepotea."

"Umepotea lini? Juzi si nimeuona shingoni mwako nikikuogesha?"

"Nikifa utafungua."

Jumatatu ikapita, na Jumanne. Waandikishaji walikuwa wanaondoka Ijumaa. Siku ya Alhamisi, mzee amelala usingizi wa mchana, ufunguo ameufumbata kiganjani, Konsolata alilivuta sanduku hadi uani, akalichapa kufuli kwa mgongo wa jembe. Alijua anafanya jambo baya, akalichapa tena. Ndani mlikuwa na cheti cha baba na cha marehemu mama, vimefungwa kwenye nailoni. Mlikuwa na picha ya harusi yake na Fideli. Mlikuwa na bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu KONSOLATA MANIRAMBONA, na bahasha hiyo ilikuwa tupu. Akaipuliza, akaipekua, akalimwaga sanduku zima chini kuku wakija kudonoa. Hakuna.

Alipoinua macho, mzee alikuwa ameamka, anamtazama kupitia mlangoni.

"Kiko wapi?"

"Kwa Ishimwe."

"Ishimwe anafanya nini na cheti changu?"

Konsolata akaingia, akamsimamia mzee kitandani. Mate yalikuwa yakimtoka na Konsolata hakumfuta.

"Kina picha yake," akasema.

Basi yakatoka, kipande kipande. Wale watu wa kuhesabu walipokuja, Konsolata alishapanda ndege. Aliyetaka uraia ilikuwa lazima awe kwenye orodha ya Ulyankulu, na Ishimwe, mtoto wa kambi nyingine, hakuwamo kwenye orodha yoyote. Wenzake walikuwa wakipakiwa kwenye malori kurudishwa Burundi, na huko hakuwa na mtu hata mmoja aliye hai. Kwenye kadi ya mzee Anakleti lilikuwapo jina moja lisilo na mwenyewe. Alipoulizwa, "Konsolata ni nani?" akamsukuma Ishimwe mbele. Binti wa miaka kumi na saba akapigwa picha, akaambiwa kuanzia leo ana ishirini na tatu.

"Wewe ulikuwa umeshapata Amerika," mzee akasema. "Yeye hakuwa na kitu. Jina lilikuwa limekaa bure."

"Na nilipokupigia simu? Si ungeniambia? Ningeapa kule, baba! Ningekuwa na nchi!"

"Ulikuwa unalia kwa furaha. Nikashindwa."

"Na Februari?"

Hapo mzee alilia, na kulia kwa mtu wa nusu uso ni jambo la kutisha kulitazama. "Niliogopa kufa peke yangu," akasema.

Konsolata akatoka nje. Aliufunga mlango wa chumba akaenda kukaa kwa jirani mpaka jua lilipozama, na jirani yule, mama mtu mzima, alipoambiwa wala hakushtuka. Alijua. Barabara ya Tisa nzima ilijua! Mwaka mzima wanamsalimia, wanakula naye, hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu ukimfichua mmoja umewafichua wote. Kaya gani haikuwa na jina la namna hiyo?

Kesho yake alimwomba jirani amwangalie mzee, akapanda basi la asubuhi hadi Tabora, akalala kwa masista, akapata treni ya Mwanza. Basi lile hupita sehemu za ile njia kongwe ya misafara, walimopita wapagazi na pembe za ndovu. Wazee wa huku husimulia kwamba mpagazi akianguka, mzigo wake ulitwikwa mwingine na msafara haukusimama hata dakika. Konsolata alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha bani. Alikwenda kuchukua kilicho chake.

Zahanati ya Bukene ilikuwa na foleni ya akina mama na watoto. Alikaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto anayeharisha akasimama, akaita kwa sauti, "Nesi Konsolata! Nesi!"

Konsolata akainuka kabla hajafikiri. Na kutoka chumba cha sindano akatoka Ishimwe, amevaa gauni jeupe, kifuani ana kibandiko: K. MANIRAMBONA, MUUGUZI. Wakatazamana juu ya vichwa vya watoto. Ishimwe alimpokea kwanza yule mtoto anayeharisha, akamchanganyia maji ya chumvi na sukari, akamwelekeza mama namna ya kumnywesha kidogo kidogo. Kisha akamchukua Konsolata nyuma, kwenye chumba cha stoo, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Simama."

"Sisimami. Nilikuwa nikiwaza, nikikukuta nyumbani nitakuitaje? Nitakutazamaje? Ndiyo maana sikuja. Mzee nampenda kuliko chochote, nililia kila Jumamosi, lakini sikuweza." Akavuta pumzi. "Nimesoma kwa cheti hicho. Nimeolewa nacho, kanisani nimeapa kwa jina lako. Mume wangu Shigela hajui, yeye anajua Ishimwe ni binamu yangu aliyekwenda Amerika. Watoto wangu watatu wameandikwa mama yao Konsolata."

"Mimi sina kitu, Ishimwe. Unaelewa? Sina. Kule nimefukuzwa na kalenda, huku nimeingia kwa viza ya matembezi iliyokwisha tangu mwaka jana. Polisi akinisimamisha hapo stesheni, mimi ni mtu wa wapi?"

"Twende Uhamiaji," Ishimwe akasema. "Nipe wiki mbili nimwambie mume wangu. Kisha twende Tabora wote wawili, nitasema ni mimi, nitasema ukweli wote. Sitakukana, dada. Ni lako."

Konsolata alikuja na maneno mengi, yote yakakosa kazi, maana hakutegemea kupewa. Alijua vizuri kitakachofuata. Ishimwe angepoteza kazi siku hiyo hiyo, pengine afungwe, na nchi asingekuwa nayo. Lakini alishachoka kuwa mwema. "Wiki mbili," akasema, akaondoka bila kuaga vizuri.

Mzee Anakleti hakungoja. Siku ya tisa, asubuhi, Konsolata akimwogesha, alimshika kidole kama alivyozoea, akasema, "Ulinifuta?" Konsolata akadhani anazungumzia mate, akamfuta mdomo. Baadaye ndipo alipofahamu kwamba anaulizwa kama amemfuta moyoni, na mzee alikuwa ameshakwenda. Basi angalau hakufa mikononi mwa watu wa kukodi, hilo alilipata.

Watu walijaa. Kutoka Bukene lilikuja basi dogo zima: manesi, watu wa reli, na Shigela mwenyewe, Msukuma mrefu mwenye sauti ya upole, amembeba begani mtoto wa mwisho. Ishimwe alishuka macho yamevimba. Alipopita karibu na Konsolata alimnong'oneza, "Bado sijamwambia. Nisamehe. Nitamwambia leo, mbele ya kaburi, nimeshaamua." Na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kunyongwa.

Katekista akasimama na karatasi, akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa Burundi mwaka fulani, alikimbia mwaka 1972, alilima tumbaku, alikuwa mzee wa kigango. Akafika penyewe, akakohoa. Naye alikuwa mtu wa Barabara ya Tisa. Akatazama karatasi, akamtazama Konsolata aliyekaa chini pamoja na wanawake wa jikoni, khanga imefungwa kiunoni, mikono ina majivu. Akasoma kilichoandikwa kwenye kadi ya kaya, maana karatasi ya serikali ndiyo inayosomwa.

"Marehemu ameacha mtoto mmoja, Konsolata, muuguzi, pamoja na wajukuu watatu."

Watu wote wa Barabara ya Tisa wakatazama chini. Ishimwe akasimama, ilimlazimu asimame; akafungua kinywa aseme. Yule mtoto mdogo akateleza kutoka begani kwa baba yake, akamkimbilia, akamkumbatia miguu.

Shigela hakuona lolote. Alikuwa ameinama kwa Konsolata, kumpa mkono kwa heshima zote, kama mkwe anavyompa pole mtu wa nyumba.

"Pole sana, dada. Naambiwa wewe ndiye uliyemuuguza mzee mpaka dakika ya mwisho. Mungu akulipe. Ila nisamehe, nimeoa humu miaka tisa, wewe sijawahi kukuona. Ni nani wa marehemu?"

Ishimwe alikuwa anawatazama. Hakujitetea wala hakuomba kitu. Alikuwa anasubiri tu. Konsolata alifuta majivu kwenye khanga kabla ya kuupokea mkono ule, na alichukua muda kuyafuta.

"Mimi ni mtoto wa mdogo wake," akasema. "Yatima. Mzee alinilea. Naitwa Ishimwe."

"Ahaa, Ishimwe! Wewe ndiye wa Amerika?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na utarudi lini?"

Kaburini walikuwa wameanza kushusha jeneza, kamba zinalia. Katekista akaita, mtoto wa marehemu asogee atupe udongo wa kwanza. Konsolata alitazama nafasi ile pembeni ya shimo, hatua chache tu kutoka alipokaa.

"Sirudi," akasema. Kisha akageuza uso kwa Ishimwe, akaita kwa sauti iliyosikika na watu wote, "Konsolata! Nenda, dada. Unaitwa."